Ukoo wa Mashine Sita

Msasani, Tukuyu
9 Januari 2024

Mdogo wangu Lugano,

Ugonile. Sisi tumeamka salama, ila jua hatujaliona tangu Krismasi. Mvua ya mwaka huu haina adabu: inanyesha asubuhi, inatupumzisha kidogo tule, halafu inarudi. Kule Kinyala migomba ya baba imelala chini, na gari la kukusanya majani ya chai limekwama mara mbili kwenye ule mteremko wa kanisani. Mguu wangu unauma kama kawaida yake. Wifi yangu Sauda hajambo? Mwambie kitenge alichonitumia nimekivaa mara moja tu, nakionea huruma.

Mpwa wako Tulia anakusalimu. Chumba chake cha gemu hapa Msasani kinajaa kuliko duka la jirani. Na yule Ackson, mwalimu wa Matwebe, amechoka kujificha nyuma ya uzio wetu, ametamka. Watu wa kwao wanakuja baada ya Pasaka, tarehe 20 Aprili. Ningekuwa nafurahi.

Sasa nisikilize. Zile mashine sita za gemu zilizokuja kwa basi mwezi wa kumi, nataka uniandikie kila moja ilizaliwa wapi na mwaka gani, nani alikuwa nayo kabla yetu, na kama mtu huyo bado yuko hai. Andika yote. Usinifupishie eti kwa sababu mimi ni mama wa migomba.

Usinipigie simu. Kuta za hapa ni za mbao, na simu yako akipokea Sauda nitaishia kuongea habari za kitenge. Mpe barua kondakta yule yule, tena uifunge kwa gundi.

Dada yako,
Esnath


Morogoro
28 Januari 2024

Dada Esnath,

Ndaga fijo kwa ndizi na parachichi. Sauda ameficha nusu chini ya kitanda ili majirani wasione. Hatujambo. Karakana ina kazi, umeme unakatika kila Jumanne, na mimi nimeota kitambi ambacho mke wangu anakiita mradi wake.

Tangu lini wewe ukataka historia? Shuleni kipindi hicho ulikuwa unaumwa tumbo. Lakini umegusa penyewe, dada, kwa hiyo vumilia.

Nianze kabla ya hizo zenu, maana ukoo hauanzi na mjukuu. Mwaka 1972 kule Marekani kilitoka kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Hakikuwa na sauti hata kidogo. Kilionyesha vidoa vyeupe na mstari, basi. Mnunuzi alipewa karatasi laini za plastiki zenye picha, anabandika kwenye kioo, na kidoa kinageuka kuwa mpira au mtu anayekimbia. Watu wazima walikesha nacho. Sijawahi kukiona kwa macho, na siku nikikiona nitavua kofia.

Yenu ya kwanza ni ile yenye ubao mbele, inayofanana na redio ya baba. Aina hiyo ilitoka 1977, nayo ndiyo iliyozoesha dunia kaseti: mchezo hauko tena ndani ya mashine, unauchomoa na kuchomeka mwingine. Wakapagawa. Wakatengeneza kaseti nyingi kuliko watu wa kuzicheza, na mwaka 1983 biashara ikaanguka kwa kishindo, hata kampuni moja ikachukua malori ya kaseti ikazifukia jangwani. Hiyo nilipewa na mhandisi wa mashamba ya miwa. Alirudi kwao mzima na mnene.

Ya pili ni nyekundu na nyeupe. Mama yake ni Mjapani wa mwaka huo huo wa 1983, mwaka wa msiba, na ndiye aliyefufua kila kitu. Yenu ni nakala ya mitaani, zile zilizojaa kwetu miaka ya tisini na kaseti za njano, zimeandikwa michezo elfu kumi na ukifungua unakuta minne inajirudia. Ukikwama unapuliza kaseti. Ilikuwa ya kinyozi, yuko hai, jana amenikata sikio.

Ya tatu ile nyeusi bapa ni ya mwisho wa miaka ya themanini, rangi nyingi zaidi na sungura wanakimbia kweli kweli. Ilikuwa ya binti ambaye leo ni muuguzi.

Ya nne, nyeusi kubwa, ni ya mwaka 2000. Hakuna iliyouzwa kuliko hiyo duniani. Ilicheza na filamu pia, kwa hiyo kina baba waliinunua wakidai ni ya familia nzima. Niliipata kwa mwanafunzi wa chuo, anasoma bado.

Ya tano, ile nyeupe unayotikisa mkono, ni ya 2006, nayo ilitoka kwa masista. Walicheza tenisi sebuleni mpaka mmoja akavunja taa. Wote wazima.

Ndizo hizo. Kama ipo yoyote isiyowaka, Tulia asihangaike nayo. Asiifungue. Mnirudishie ilivyo na basi la kwanza.

Na wewe sasa useme: kwa nini unataka kujua nani amekufa?

Mdogo wako,
Lugano


Msasani, Tukuyu
17 Februari 2024

Mdogo wangu,

Barua yako ilikaa siku tisa kwenye droo ya kondakta kwa sababu mwenyewe alikuwa na malaria. Amepona. Huku mvua ni ile ile. Nimeuza mbuzi mwenye pembe moja, nikajuta, nyumba imekuwa kimya.

Nimesoma historia yako mara tatu. Tulia amecheka sana kwenye masista. Mimi sikucheka. Nimebaki na hizo kaseti zilizofukiwa jangwani. Watu hawachukui malori kwenda kuzika plastiki bure, Lugano. Kulikuwa na nini ndani yake?

Sasa nakuambia, na karatasi hii ukimaliza uichane. Tarehe tatu Januari, saa nane mchana, Tulia alikuwa anajaribu gemu la mbio za magari kwenye ile nyeusi kubwa. Taa za mji wa ndani ya gemu zinawaka na kuzimika, unazijua. Wateja watatu wanasubiri. Mimi nilikuwa mlangoni namenya viazi. Nikasikia amenyamaza katikati ya neno. Shingo ikageuka upande kama anayeitwa na mtu, akaanguka na kiti chake. Mikono ikapiga sakafu, mdomo ukatoa povu. Wateja walikimbia wote, mmoja aliacha kiatu na mpaka leo hajakifuata. Jaffari, fundi cherehani wa chumba cha pili, ndiye aliyeingia akamlaza ubavu na kumwekea kitambaa chini ya kichwa. Alipozinduka aliuliza kama ameshinda mbio.

Ameanguka tena mara mbili tangu hapo. Mara moja nje, hakuna mashine.

Nimempeleka kwenye maombi siku saba. Wamesema kuna kitu kimeingia nyumbani pamoja na hizo mashine, kimetoka kwa aliyekuwa nazo kabla yetu, na zichomwe moto zote. Tulia amesema zikichomwa na yeye anahama. Hospitali sijampeleka. Dirisha la dawa za watu wanaoanguka linajulikana na siku yake inajulikana, na wanawake wa Matwebe wanapita hapo hapo wakienda sokoni. Watatuona, na tarehe 20 hakuna atakayekuja.

Naogopa, Lugano. Nikisikia kikombe kimeanguka nyumba ya jirani nasimama. Sijalala usingizi wa kueleweka tangu mwaka uanze.

Jambo moja zaidi. Mashine ni sita, wewe umeandika tano. Tulia amesema umeruka ya kijivu, na kwamba hakuna fundi duniani anayeweza kusimulia historia hii akairuka hiyo, maana ndiyo iliyotutoa kwenye kaseti ikatuingiza kwenye CD. Kwa nini umeiruka?

Esnath


Morogoro
3 Machi 2024

Dada,

Salamu nitaziandika mwisho nikikumbuka. Barua yako nimeisoma nimesimama karakanani, kisha nikafunga mlango nikaisoma tena nimekaa.

Mpeleke hospitali. Nimeanza na hilo ili hata ukikasirika na mengine uwe umeshalisoma.

Akianguka tena, fanya hivi. Toa kila kigumu karibu yake, hasa jiko na maji ya moto. Mlaze ubavu. Usimshikilie mikono, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, hawezi kumeza ulimi wake, hayo ni maneno ya mitaani. Angalia saa. Ikizidi dakika tano, tafuta gari mara moja. Akizinduka mwambie alipo na wewe ni nani, kwa sauti ya kawaida. Povu lile ni mate tu. Haliambukizi, dada. Hata likikumwagikia mikononi, haliambukizi.

Mashine hazina mtu ndani. Zile kaseti zilifukiwa kwa sababu zilikosa wanunuzi, na ghala lilijaa. Lakini lipo jambo la kweli kuhusu mwanga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, vitabu vya maelezo vinavyokuja na mashine hizi vina onyo kurasa za mwanzo: baadhi ya watu, wachache sana, huweza kupata degedege au kupoteza fahamu wakitazama mwanga unaowakawaka, hata kama hawajawahi kupatwa na hali hiyo kabla, ukiona macho yanafifia, misuli inacheza, unachanganyikiwa, zima na umwone daktari. Ndivyo linavyosema. Kwa hiyo Tulia asikae mbele ya hiyo nyeusi kwa sasa. Akae mlangoni awaangalie wengine.

Ila ujue mashine haipandi ugonjwa kwa mtu. Mwanga huamsha tu kilichokuwa kimelala.

Kuhusu ya kijivu, niliisahau. Ni ya Desemba 1994, Japani. Ni kweli ilileta CD, na kile kikadi kidogo cha kuhifadhi mchezo ulipofikia, ili kesho usianze upya. Kabla yake ukizima unapoteza vyote. Yenu jicho la kusomea CD limekufa, haina la maana, irudishe.

Umeandika Jaffari alimshika. Wewe ulikuwa hapo hapo mlangoni. Mbona hukumshika wewe?

Sauda anawasalimu. Hajui naandika nini.

Lugano


Msasani, Tukuyu
20 Machi 2024

Lugano,

Mbuzi wa pembe moja amerudi mwenyewe, amekata kamba kwa aliyemnunua. Mvua imepungua. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Umeandika onyo la kwenye vitabu neno kwa neno, na vitabu viko kwangu. Vilikuja vitatu ndani ya maboksi. Nimemwambia Tulia avilete mezani. Vyote vitatu vimenyofolewa karatasi ya kwanza baada ya jalada, tena kwa rula, kazi safi ya fundi. Kama karatasi ile ingekuwepo mwanangu angeisoma, maana huyu husoma hata maandishi ya kwenye sabuni. Umelikariri onyo ambalo ulilichana. Sikuwahi kukuita mwongo hata ulipovunja baiskeli ya baba, leo karibu.

Sasa nakuambia ninachokijua. Ile ya kijivu Tulia aliifungua tangu Oktoba, siku ya pili tu, kwa sababu ulimfundisha mwenyewe kwamba kisichowaka ndicho cha kujifunzia. Ndani hakukuta jicho lililokufa tu. Palipotakiwa kukaa nusu ya vyuma vyake palikuwa peupe, na ndani kuna mifuko ya dawa ya karatasi, imekunjwa vizuri, na jina lako limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nilimpelekea Jaffari mfuko mmoja nikiwa nimekata jina, akasema mdogo wake anatumia hivyo hivyo, ni vya kuzuia kuanguka.

Nilikuwa nalijua hilo Tulia alipoanguka. Ndiyo maana nilikuomba historia. Nilikuwa namwomba Mungu katika mashine hizo sita umtaje hata mtu mmoja aliyekufa vibaya, nipate wa kumbebesha. Ukaniletea masista wanaocheza tenisi.

Umeandika mwanga huamsha kilichokuwa kimelala. Kimelala kwa nani? Umeniandikia ukoo wa mashine, nani kamzaa nani na mwaka gani, vizuri mno. Sasa niandikie ukoo wetu.

Maana wale wa Matwebe watakuja tarehe 20 na bibi yao, Bibi Alinanuswe, na unajua wanachouliza kabla ya kukubali chakula. Kuna uchawi? Kuna ukoma? Kuna wa kuanguka? Mpaka leo jibu langu ni kwamba ukoo wetu ni safi na hizi mashine ndizo zilizomchezea binti, na nitazichoma mbele yao waone. Mafuta ya taa nimeshanunua. Nikimpeleka hospitali kabla ya siku hiyo, jibu hilo limekufa. Baada ya siku hiyo nitampeleka, naapa.

Usiniulize tena kwa nini sikumshika.

Esnath


Morogoro
2 Aprili 2024

Dada yangu Esnath,

Pasaka imepita, hatukupika. Tu wazima wa afya.

Ni kifafa. Nimeliandika na mkono haujaanguka. Ninacho tangu nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa Mbeya nasoma ufundi, na nyuma ya stendi kulikuwa na banda la gemu lenye mashine ya aina ile ya kijivu, ndiyo kwanza imefika mjini. Tulipanga foleni kuona magari yaliyoundwa kwa vipande vya pembe tatu tatu. Zamu yangu ilipofika nilicheza dakika chache, kilichofuata najua kwa kusimuliwa. Nilizinduka peke yangu. Banda zima watu walikuwa nje wananichungulia dirishani, na mwenye banda alikuwa ameshika fimbo ndefu aliyotaka kunisukumia nje nayo. Sikuulaumu mwanga, wala sikumlaumu yeye. Niliona aibu tu.

Daktari alinipa vidonge na tangu nianze kuvimeza kila siku, nimeanguka mara tatu katika miaka ishirini na sita. Nimeoa, nachomelea, nashika umeme. Ukiniona barabarani huwezi kujua, na hapo ndipo nilipokosea, nilitaka asijue yeyote. Nilinunua ile mashine mbovu kwa ajili ya kuficha. Kisha nikanunua za kuizunguka, ili moja isionekane. Watu wakaniita mtunza makumbusho, nami nikaja kuipenda kweli historia ya mashine hizi, lakini ilianzia hapo. Kurasa za onyo nilizinyofoa kwa sababu wateja walikuwa wanazisoma kwa sauti wakicheka, nikahisi wananitazama.

Oktoba nilisafiri kikazi. Sauda alitaka chumba, akafunga maboksi yote sita akawatumieni kama zawadi. Niliporudi nilikaa siku kumi na moja bila dawa kwa kuogopa kwenda kueleza zimepotelea wapi. Siku ya kumi na moja nilianguka karakanani. Nilimwambia ni shoti ya umeme. Miaka yote ni shoti ya umeme.

Jumapili nimemwambia Sauda. Aliiacha chai yake ikapoa, akasema, "Ningeweza kukuzika bila kujua nimemzika nani." Hajanisamehe, ila asubuhi vidonge amevitoa kwenye begi langu akaviweka juu ya meza ya chakula, wazi, karibu na chumvi.

Kwa hiyo usichome kitu. Wakikuuliza tarehe 20, taja jina langu. Sema ni Lugano, mdogo wangu wa tumbo moja, yuko Morogoro, ana mke na karakana, anakunywa vidonge. Mashine zikichomwa utapata posa moja, na Tulia atakwenda kuangukia moto jikoni kwa watu, bila dawa, kwa watu wasioruhusiwa kumshika. Naogopa hilo kuliko lolote lililowahi kunipata mimi.

Nami nakuuliza ambalo sijawahi kukuuliza. Nilikuwa na miaka kumi. Mliniambia mama aliteleza kwenye mawe ya mtoni. Ni kweli aliteleza?

Lugano


Msasani, Tukuyu
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Lugano,

Sisi wazima. Jua limetoka siku nne mfululizo, nguo zimekauka mpaka zinavunjika. Barua yako ilifika tarehe 11, nikaiweka kwenye sidiria nikatembea nayo siku mbili bila kuifungua, nikijua kilichomo.

Mama hakuteleza. Tulikwenda mimi na yeye kuchota maji, nina miaka kumi na minne. Aliinama na ndoo, shingo ikageuka vile vile, akaanguka kifudifudi kwenye maji yasiyofika magotini. Niliijua hali hiyo, alikuwa nayo, bibi alishanionya mara nyingi: akianguka usimguse, mate yake yakikupata na wewe umeisha, na hutaolewa. Nikasimama kwenye mawe nikamwita. Nilimwita kwa jina lake, Atuganile, kama vile angekasirika ainuke. Maji yalikuwa mafupi, Lugano. Ungemgeuza hata wewe na miaka yako kumi. Nilipopanda kuita watu na tukarudi, alikuwa ametulia. Wazee wakasema ameteleza, nami nikasema ameteleza, nimesema hivyo miaka thelathini na tano. Na Tulia alipoanguka nikasimama mlangoni na kiazi mkononi. Miguu ilikataa ile ile. Ndiyo jibu la swali lako.

Jumamosi tarehe 13, asubuhi, alikuwa anaepua sufuria la maharage. Nikaona shingo inaanza. Sijui nilifikaje. Sufuria lilikwenda upande wake, yeye akaja upande wangu, tukaenda chini pamoja. Nilimlaza ubavu. Povu lilinijaa kiganjani, la moto kidogo, mate tu kama ulivyosema. Nilitazama saa ya ukutani: dakika mbili na kitu. Alipofungua macho nilimwambia, "Uko nyumbani, mimi ni mama yako," akasema najua, mbona unalia.

Jumatatu tulikwenda hospitali mchana kweupe. Tulipita katikati ya wanawake wa sokoni na niliwasalimu wote kwa sauti. Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nikamtajia wawili. Akaandika. Tulia amepewa vidonge, ameambiwa asiruke hata siku moja na aende kupimwa zaidi Mbeya.

Jana walikuja. Watu saba, na Bibi Alinanuswe katikati, mkongojo wake umepakwa rangi mpya. Mashine zilikuwa rafuni kwa mstari, mafuta ya taa nimeyamimina kwenye taa yangu. Mshenga wao akauliza yale matatu. La kwanza hapana. La pili hapana. La tatu nikasimama. Nikamtaja mama Atuganile aliyekufa mtoni mbele yangu, nikakutaja wewe na mke wako na karakana yako na vidonge vyako karibu na chumvi, nikamtaja binti yangu akiwa ameketi hapo hapo anasikia. Mjomba wa Ackson alitazama kiganja chake, nadhani alikuwa anakumbuka amemshika nani mkono. Ackson mwenyewe alihama upande wao akaja kukaa karibu na Tulia. Mshenga akasema watakwenda kushauriana, jibu baada ya wiki mbili. Chakula hawakugusa. Nikaogopa na mimi nitaanguka.

Nilikimbilia jikoni nijifanye nachochea moto. Bibi Alinanuswe akanifuata, peke yake, akausukuma mlango kwa mgongo ukafunga. Nikajua amekuja kunitukana faraghani kwa heshima ya umri wangu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivyo vidonge vya mdogo wako. Mtoto wa miaka tisa anaweza kupewa?"

Nikamwuliza mtoto yupi, maana kwao nawajua wote. Akasema simjui huyu. Ni kitukuu chake, binti, analala chumba cha nyuma ya ghala, watu wakija hawamtoi. Chakula wanamsogezea mlangoni. Mwezi uliopita aliangukia moto, na aliungua mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu aliyekuwa naye alikimbia kuita watu. Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe moto ulipoishia. Mimi niliangalia ukutani, sikuweza kumtazama, maana namjua huyo aliyekimbia kuita watu, namjua tangu mtoni.

Nilimwambia mimi si daktari, ila Jumatatu nitakuwa getini hospitali saa mbili asubuhi, amlete. Akakubali. Akakataa, akasema wanaume hawatakubali. Akakubali tena. Alipofika mlangoni akasema, "Wasijue nimekuuliza," akatoka na mkongojo wake kama aliyekwenda kunywa maji tu.

Ukipata barua hii Jumatatu itakuwa imepita na sijui kama atakuja. Nitasubiri mpaka jioni. Asipokuja nitapanda mwenyewe Matwebe Jumanne, wanifukuze wakitaka.

Jina la mtoto nililazimika kumwuliza mara mbili, kwa sababu kwao limeacha kutamkwa tangu alipoanza kuanguka. Nakuandikia ulisome kwa sauti hapo karakanani, na Sauda asikie. Anaitwa Agness.

Dada yako,
Esnath